Maiki yavuma, vokali yachelewa: kurekodi galatoni na sauti chumbani kwa kompyuta

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Morogoro, napiga galatoni (gitaa kavu) na kuimba nyimbo zangu mwenyewe. Nina kompyuta mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 8, na maiki ya kondensa niliyoagiza mtandaoni. Imekuja na waya ambao upande mmoja unaingia kwenye maiki na wa pili kwenye tundu la hedfoni la kompyuta. Nimeweka Audacity. Shida zangu ni tatu: kuna mvumo usiokwisha nyuma ya sauti, nasikika kama naimba bafuni, na nikirekodi gitaa kwanza kisha nikaimba juu yake, vokali inakaa nyuma ya gitaa hata nikiimba sawasawa. Rafiki ananiambia ninunue programu kubwa zaidi. Nianzie wapi?"

Marahaba. Kwanza, pesa ya programu iache mfukoni. Katika shida zako tatu hakuna hata moja iliyoletwa na udogo wa Audacity. Mvumo ni habari ya umeme wa maiki, bafu ni habari ya chumba, na vokali kukaa nyuma ni namba moja tu ambayo haijawekwa sawa. Hiyo ya namba unaweza kuimaliza leo jioni bila kutoa hata shilingi, kwa hiyo tuanze nayo.

Kuna uchelewaji wa aina mbili, na wengi huuchanganya. Mmoja ni wa masikioni: unaimba, sauti inaingia kwenye kompyuta, inazunguka huko ndani, halafu inarudi kwenye hedfoni ikiwa imechelewa, nawe unajikuta unajivuta kuifuata. Mwingine ni wa kwenye faili: uliimba vizuri kabisa, ila programu imeilaza traki ya vokali mahali pasipo pake. Kwa maelezo yako, wewe una huu wa pili.

Audacity inajua kwamba sauti huchukua muda kutoka, kufika sikioni, kuimbwa na kurudi, kwa hiyo kila unaporekodi juu ya traki nyingine huisogeza traki mpya kushoto kidogo, yaani ianze mapema zaidi. Namba inayokuja nayo ni hasi 130, yaani milisekunde 130. Hiyo ni ya kubahatisha tu, kwani kila kompyuta ina yake. Kuipata ya kwako, fungua Edit, kisha Preferences, kisha Audio Settings, tafuta Latency compensation, uandike 0. Hakikisha pia Software Playthrough, inayorudisha sauti ya maiki kwenye hedfoni, imezimwa, la sivyo kitakachofuata kitapiga yowe la kukuumiza masikio. Tengeneza traki ya mdundo kwa Generate, Rhythm Track. Weka upande mmoja wa hedfoni juu ya maiki kabisa, bonyeza Shift na R ili kurekodi kwenye traki mpya, acha midundo kumi hivi ipite, simamisha. Sasa kuza picha mpaka uone mdundo mmoja tu: ule wa asili juu, na ule uliopita kwenye maiki chini yake, umesogea kulia. Buruta kipanya kutoka mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa mwingine, usome urefu wa kipande hicho kwa milisekunde. Ukikuta 184, rudi kwenye ile nafasi uandike hasi 184. Rudia jaribio, tofauti ikibaki milisekunde mbili tatu, imetosha. Ukibadilisha kifaa chochote cha sauti au ukagusa urefu wa bafa (nitaieleza mbele), pima upya.

Na kama hedfoni zako ni za Bluetooth, ziweke kando. Zenyewe peke yake huongeza uchelewaji ambao mara nyingi unapita milisekunde 100, na kipimo chake hakitulii. Kurekodi ni kazi ya hedfoni za waya, zilizofunikwa nyuma ili midundo isivuje ikaingia kwenye maiki.

Sasa mvumo. Maiki ya kondensa ina sakiti ndani yake inayohitaji umeme, na kwa maiki za aina hiyo zenye tundu la pini tatu, umeme huo ni volti 48 zinazopanda kupitia kebo ileile ya sauti. Tundu la kompyuta mpakato hutoa volti chache tu. Maiki inafanya kazi nusunusu, inatoa sauti dhaifu, Windows nayo inaikuza kwa Microphone Boost ya desibeli 20 au 30. Unapokuza sauti dhaifu unakuza na uchafu wote wa sakiti ya kompyuta. Ule mvumo, na ile "shhhh" iliyo juu yake, asili yake ni hapo. Waya uliokuja na maiki ndio wa kutupa. Maiki yenyewe huenda ni nzuri kuliko unavyodhani.

Unachohitaji ni kadi ya sauti ya nje, ambayo madukani wanaiita saundi kadi, inayoingia kwenye USB na yenye kitufe kilichoandikwa 48V. Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki na moja la gitaa la umeme. Behringer UMC202HD ina matundu mawili ya maiki. Zote mbili zinarekodi biti 24, kipimo cha undani wa sauti, na zina draiva zake za ASIO, jambo nitakalolirudia. Angalia sana usije ukauziwa vile visaundi kadi vya kupigia laivu, vyenye rangi nyingi na vitufe vya makofi, vicheko na kubadilisha sauti iwe ya mtoto. Vingi havitoi volti 48, na vinabandika mwangwi juu ya sauti kabla haijafika kwenye kompyuta. Mwangwi ulioingia hivyo hakuna fundi atakayeutoa. Nunua pia kebo ya XLR kwa XLR, ile ya pini tatu, mita tatu zinatosha. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja tu mwaka huu, basi iwe hii saundi kadi na kebo yake.

Ikifika, ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye kigawanyio cha USB. Shusha kitufe cha gain, kinachokuza sauti ya maiki, hadi chini, punguza hedfoni, chomeka maiki, ndipo ubonyeze 48V usubiri sekunde kadhaa. Wakati wa kutoa fanya kinyume: zima 48V, subiri, kisha chomoa. Usipofuata utaratibu huo hutaua maiki siku hiyohiyo, ila utapigwa na "pwaa" masikioni ambayo hutaisahau.

Mvumo mzito, wa chini, wa kuvuma kama transfoma, ukibaki hata baada ya hapo, chomoa chaja ya kompyuta. Umeme wetu ni wa Hz 50, na chaja isiyopata waya wa ardhini huuingiza mvumo wake kwenye sauti. Ukinyamaza ulipochomoa, umeshampata mchawi: rekodi kwa betri, lakini weka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, kwa sababu ikiwa kwenye kubana betri itapunguza kasi na sauti itakatikakatika. Simu nayo iweke hali ya ndegeni au chumba kingine.

Tuje kwenye bafu. Chumba chako, kama vyumba vyetu vingi, nadhani ni kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae au saruji, na kitanda. Sauti inatoka mdomoni, inagonga ukuta, inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa milisekunde chache tu. Sikio haliusikii huo kama mwangwi, linausikia kama bafu. Programu ya kuusafisha haipo ya kuaminika kwa bei yako wala yangu. Dawa ni kuuzuia usiingie.

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanabandika vitu nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kondensa za bei hii husikia mbele na huziba nyuma, maana yake zinauona ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, si ule ulio nyuma yao. Kwa hiyo godoro simamisha nyuma ya mgongo wako. Godoro la sponji la inchi nne au sita ni kifaa cha studio kamili. Kushoto na kulia kwako ning'iniza mablanketi mazito, kila moja likunjwe mara mbili, yakae mbali na ukuta kama kiganja hivi, maana kitambaa kinachogusa ukuta hufanya kazi kidogo kuliko kilichoachiwa hewa nyuma yake. Chini tandika zulia au mkeka na blanketi juu yake. Kanga na mapazia mepesi hayasaidii kitu zaidi ya kupunguza makali ya "s" na "sh", na ukiyatumia peke yake utapata sauti iliyofifia juu na bado inavuma katikati, ambayo ni mbaya kuliko ulipoanza.

Trei za mayai? Ziache ziende na mayai yake. Ni karatasi nyembamba. Hazizuii sauti ya jirani na hazinyonyi sauti ya mtu.

Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Chukua theluthi moja ya urefu wake. Piga kofi moja ulipo. Ukisikia mlio wa "trriii" baada ya kofi, bado kuna kuta mbili zinazotazamana uchi. Kofi likifa palepale, uko tayari. Zima feni, zima friji kama ipo karibu, na kwa paa la bati usirekodi wakati wa mvua, kwa sababu hakuna ujanja unaoshinda mvua ya Morogoro juu ya mabati.

Kuhusu programu sasa, kwa kuwa rafiki yako ameigusa. Audacity inakutosha kujifunzia, ina kasoro moja kwa kazi yako: toleo lake la Windows limekuwa likitolewa miaka mingi bila ASIO kwa sababu za leseni. ASIO ni njia ya mkato iliyobuniwa na Steinberg kati ya programu na saundi kadi, inayopunguza ule uchelewaji wa masikioni. Ukishapata saundi kadi, ningekushauri uhamie Reaper. Faili lake la kusakinisha ni dogo sana, linakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 8, unalijaribu siku 60 likiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Vijana wa biti watakuambia FL Studio. Ni nzuri kwa kutengeneza biti, lakini toleo lake la bei ya chini, Fruity Edition, kwa miaka mingi halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti. Hakikisha kabla hujalipa. Za wizi sikushauri, na si kwa mahubiri: zinakuja na virusi, na zinazimika katikati ya kazi.

Ndani ya Reaper fungua Options, Preferences, Audio, Device. Chagua ASIO, kisha jina la saundi kadi yako. Weka 48000 kwenye kasi ya sampuli na 128 au 256 kwenye bafa. Bafa ni fungu la sampuli ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulishughulikia. Sampuli 128 kwa 48000 ni milisekunde 2.7, 1024 ni milisekunde 21. Ukiongeza njia ya kwenda na kurudi na kazi ya draiva, 128 hukuacha kwenye milisekunde kumi hivi, sawa na kumsikia mpiga gitaa aliyesimama mita tatu na nusu kutoka kwako. Hilo linaimbika. Ukisikia mikatiko na milio ya "tik tik", panda hadi 256. Wakati wa kumiksi, ambapo huimbi tena, weka 1024 kompyuta ipumue. Na kama saundi kadi yako ina kitufe cha Direct, kibonyeze na uzime usikilizaji wa kwenye programu: utajisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, uchelewaji sifuri.

Kabla ya traki ya kwanza, hifadhi mradi kwenye folda yake, ukiweka tiki kwenye chaguo la kuutengenezea folda. Asiyefanya hivyo hukuta vipande vya wimbo vimetawanyika kompyuta nzima. Bonyeza Ctrl na T kupata traki, kitufe chekundu cha traki kuitayarisha, Ctrl na R kurekodi. Chagua biti 24. Traki moja ya maiki kwa kipimo hicho hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki kumi, kila moja umeirudia mara tatu, unafika GB moja. Nakala iwe kwenye diski ya nje.

Kiwango cha sauti: imba kiitikio chako kwa nguvu zote, si kwa nguvu za majaribio, maana mtu akianza kurekodi kweli huongeza. Panda gain mpaka vilele vigote kati ya desibeli hasi 12 na hasi 8. Watu waliozoea kanda za zamani hupenda kusukuma karibu na sifuri. Kwa biti 24 hakuna faida: kelele ya chumba chako iko juu mno kuliko kelele ya mfumo, na kikigusa sifuri kilele kinakatwa, hakirudi.

Anza na mdundo, si na gitaa. Tafuta kasi ya wimbo kwa kugonga kwenye kitufe cha kasi, weka metronomu, na kama wimbo wako unakwenda sita kwa nane usiuachie nne kwa nne iliyokuja na programu, utapotea ukianza kukata na kubandika. Acha vipimo viwili vya kuhesabu kabla ya kuingia. Rekodi kwanza traki ya mwongozo, gitaa na sauti pamoja ovyoovyo, ya kukuonyesha njia tu, utaifuta baadaye.

Gitaa: maiki isitazame tundu. Tunduni kuna mngurumo wa chini unaofunika nyuzi zote. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Isogeze sentimita tano tu kuelekea tunduni usikie mnenepo unavyoongezeka, kisha irudishe mpaka besi na kucha zilingane. Ukaaji huo wa dakika kumi unashinda ekwalaiza ya saa nzima. Tyuni kabla ya kila jaribio, joto hulegeza nyuzi. Vua saa, na shati lenye vifungo lisigonge mgongo wa gitaa.

Vokali: shubiri moja kutoka kwenye maiki. Ukisogea karibu zaidi, besi hupanda yenyewe, na ukiyumba mbele na nyuma kila mstari utakuwa na unene wake. Katikati weka kichujio cha pumzi. Soksi ndefu nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya inafanya kazi ileile ya cha dukani. Hata hivyo "p" na "b" zetu ni kali, "mpenzi" na "baba" zitapiga tu, kwa hiyo elekeza maiki kwenye usawa wa pua ikitazama mdomo kwa pembeni kidogo, pumzi ipite chini yake. Imba wimbo mzima mara tatu au nne, kisha chagua sentensi kwa sentensi. Kata mahali pa kuvuta pumzi na uunganishe kwa mfifio wa milisekunde kumi. Ukikata katikati ya irabu itasikika. Kiitikio ukitaka kijae, kiimbe upya mara mbili, moja ukiipeleka kushoto na nyingine kulia. Kunakili traki ileile mara mbili hakujazi kitu, kunaongeza sauti tu.

Katika kumiksi, fanya machache. Kwa ReaEQ, ekwalaiza ya Reaper, kata kila kitu kilicho chini ya Hz 80 kwenye vokali, 100 kama sauti yako ni nyembamba. Ukisikia utando, punguza desibeli mbili au tatu kati ya Hz 250 na 350, kwanza kwenye gitaa, kwa sababu hapo ndipo galatoni na sauti ya mtu hugombea nafasi. Kwa ReaComp, kompresa yake inayobana sauti zinazozidi, weka uwiano wa 3 kwa 1, mwanzo milisekunde 10, kuachia 100, na ushushe kizingiti mpaka sindano ionyeshe punguzo la desibeli tatu hadi sita kwenye maneno makubwa. Kusafisha kelele, kama bado ipo, kufanyike kabla ya kompresa, na usizidi desibeli 6 hadi 10. Ukizidisha sauti inakuwa ya majimaji. Mwangwi wa mapambo uweke kwenye traki yake pekee, vokali na gitaa zote zitumwe humo kidogokidogo, ili zionekane zimekaa chumba kimoja.

Sikiliza kwa spika ya simu, na kwa hedfoni, na kwenye spika ya gari la mtu. Vokali ikipotea kwenye simu, tatizo halipo kwenye simu.

Ukitoa wimbo, hifadhi WAV ya biti 24 kama nakala mama. Usikazane kuufanya uwe na sauti kubwa kuliko za wengine: Spotify na YouTube hushusha wimbo unaozidi LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) hasi 14 hivi, utabaki na wimbo uliobanwa bila faida. Acha kilele cha juu kwenye desibeli hasi 1. Kwa kumtumia mtu, toa MP3 ya kbps 320, na kwenye WhatsApp uitume kama hati, faili lifike kama lilivyotoka kwako.